Ardhi ya Ukoo, Ardhi ya Bwana

Tulipokaribia kustaafu, watu wengi walitupa ushauri, na karibu wote ulihusu mali. Jengeni vyumba vya kupangisha. Nunueni bodaboda mbili, muwape vijana walete hesabu kila jioni. Mafao yakiingia, msiwaambie ndugu. Ulikuwa ushauri mzuri, na baadhi yake tuliufuata. Lakini hakuna aliyetuandaa kwa asubuhi ya kwanza ya mstaafu, anapoamka hana kengele ya shule wala zamu ya wodini, na siku nzima iko mbele yake. Siku hiyo ataiishije mbele za Mungu? Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza nanyi, wapendwa, hasa ninyi ambao tarehe yenu imekaribia.

Kwa neema ya Mungu tuliondoka Dar es Salaam mwaka 2013, tukaja kuishi upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, juu ya Mkuyuni, njia ya kwenda Kinole. Mmoja wetu alikuwa muuguzi, mwingine mwalimu wa shule ya msingi. Mmoja ni Mluguru wa hapa hapa, mwingine ni Mpare wa Usangi. Wajukuu hutuita Bibi na Babu, na siku hizi hata sisi wenyewe tunaitana hivyo. Bibi ndiye muuguzi na ndiye Mluguru. Babu ndiye mwalimu na ndiye mgeni. Haya tumeyasema mapema kwa sababu yatahitajika mbele.

Kwanza tuhesabu furaha zetu. Kumshukuru Mungu kwa jumla jumla ni rahisi mno, na mara nyingi ni njia ya kusahau alichotupa. Kwa hiyo tumejizoeza kushukuru kwa kutaja kimoja kimoja.

Furaha ya kwanza ni chai ya asubuhi. Huku mashariki mvua ni nyingi kuliko upande wa mjini Morogoro, na asubuhi nyingi tunaamka ndani ya ukungu. Hatuoni hata mfenesi ulio mbele ya nyumba. Tunasikia tu kijito kule bondeni na jogoo wa jirani. Tunawasha kuni, tunachemsha chai kwa mdalasini na iliki, na vyote viwili vimetoka hatua chache nyuma ya jiko. Pembeni kuna magimbi ya kuchemsha au kiazi kitamu. Tulipokuwa kazini chai tuliinywa tumesimama, macho kwenye saa. Sasa tunakaa barazani mpaka ukungu upande na mlima utokeze kidogo kidogo, kwanza migomba, kisha paa za majirani, kisha msitu kule juu.

Katika muda huo tunasoma Zaburi moja. Babu ana mtoto wa jicho, basi Bibi husoma, na Babu husema kwa kichwa zile anazozikumbuka tangu mafundisho ya kipaimara. Tukifika ile ya 121, ya mtu anayeitazama milima na kujiuliza msaada wake utatoka wapi, huwa tunatabasamu, maana sisi milima imetuzunguka pande zote. Kisha tunasoma jibu lake, kwamba msaada hautoki kwa mlima bali kwa yeye aliyeufanya, na tunanyamaza.

Furaha ya pili ni maji. Dar es Salaam tuliishi miaka mingi kwa kununua maji ya madumu kwa kijana wa mkokoteni, na siku bomba likitoka tulikesha tukijaza ndoo. Hatukujua wakati ule kwamba maji yale tuliyokuwa tukiyasubiri yalikuwa yametoka nyumbani kwa Bibi. Vijito vya upande huu wa Uluguru huteremka hadi mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Leo tunakinga maji hayo yakiwa bado baridi ya mlimani. Tunapoyaogea, tunayafulia na kuyapikia, tunajua kuna mama Tabata au Kimara atafungua bomba kesho kutwa. Jambo hili limebadilisha hata sala zetu. Zamani tuliomba maji. Sasa tunaomba tusiwe watu wa kuyachafua.

Furaha ya tatu ni jembe, na hapa pana historia. Mjomba wa Bibi, ndugu wa mama yake, ana miaka inayokaribia tisini na ndiye mkubwa wa ukoo. Ujana wake ulikuwa wakati serikali ya kikoloni ya Waingereza ilipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilionekana njema kwenye karatasi. Lakini kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, na kwa kuwa udongo wenye rutuba huku ni mwembamba, mahali pengi ngazi zile zilifukua udongo usiozaa na kuufunika ule unaozaa. Mwaka 1955 watu walikataa, vurugu zikazuka, na mpango wenyewe ukafa. Mjomba husema mpaka leo kwamba jembe lile lile, likiwa la amri, huwa zito mara mbili.

Tunamwelewa. Kwa miaka zaidi ya thelathini tulifanya kazi kwa ratiba za wengine. Tulizipenda kazi zetu na hatuzilaumu. Ila sasa tunalima bustani yenye upana wa ukumbi wa kanisa letu, mahindi kidogo, maharage, mchicha, na mbaazi za Babu ambazo Bibi anasema zimepandwa mahali pabaya. Tunalima saa mbili, tunapumzika. Mgongo ukikataa, tunauitikia. Hakuna mkaguzi anayekuja. Jasho lilelile, lakini tunalitoa kwa hiari, na tumegundua kwamba kazi ya hiari iko karibu sana na sala.

Furaha ya nne ni mnada wa Jumapili. Ninyi mnaosali mijini, ambako sadaka siku hizi hutumwa kwa simu, huenda mmesahau utamu wake. Huku wengi hutoa walichovuna: mkungu wa ndizi, nanasi, nazi tatu, kuku, fungu la miwa. Ibada ikiisha tunakusanyika nje chini ya mwembe, mzee wa kanisa anainua kitu kimoja kimoja, na mnada unaanza. Jumapili moja jogoo mmoja alinunuliwa na mama mjane kwa shilingi 8,000, naye akamrudisha papo hapo kama sadaka. Akanunuliwa tena na kijana wa kwaya, akamrudisha. Akanunuliwa mara ya tatu na Babu, ambaye alikuwa tayari anawaza supu, lakini alipoona macho ya washarika wote yamemgeukia, jogoo akarudi mezani. Alipokwenda nyumbani na mtu hatimaye, alikuwa amelichangia kanisa mara nne ya bei yake. Tulicheka njia nzima ya kurudi. Hatukumbuki mahubiri ya siku ile, Mungu atusamehe, lakini yule jogoo alituhubiria juu ya utoaji na hatujamsahau.

Furaha ya tano ni wajukuu wakija. Tangu treni ya mwendokasi ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, wanafika mjini kwa muda usiotimia saa mbili. Kisha hutumia muda mwingine kama huo, na wakati wa masika zaidi, kupanda kutoka mjini hadi kwetu. Wakifika tunawapeleka kijitoni, tunawaambia maji haya yanawatangulia nyumbani. Tunawaonyesha msitu kule juu, ambao tangu 2008 ni hifadhi ya mazingira asilia, na tunawasimulia kwamba ndani yake yuko ndege mdogo wa jamii ya chozi, aitwaye kwa jina la Loveridge, ambaye duniani kote hapatikani penginepo ila katika milima hii ya Uluguru. Mjukuu wetu wa miaka saba aliuliza, "Bibi, Mungu alimtengeneza kwa ajili ya hapa tu?" Bibi akamjibu ndiyo. Mtoto akafikiri, akasema, "Basi anapapenda sana hapa." Hatukuwa na la kuongeza.

Hizo ndizo furaha, na tungeweza kuendelea: makande ya Babu, redio wakati wa jioni, giza la kweli lenye nyota zake, simu ambayo hupata mtandao chini ya mti mmoja tu na hivyo haitusumbui. Lakini makala hii isingekuwa ya kweli kama tungeishia hapo. Furaha zote hizi zimekaa juu ya ardhi ambayo si yetu.

Wanaoijua Uluguru wanafahamu. Kwa Waluguru, ukoo na ardhi hufuata upande wa mama. Hata jina la Kingalu, chifu wa Kinole, ambalo wengi mnalijua kwa Soko Kuu la mjini Morogoro, hurithiwa kwa njia hiyo. Ukoo mdogo wa mama mmoja huitwa tombo, yaani titi, kwa kuwa wote wamenyonya mahali pamoja. Bibi anayo haki ya kulima hapa kwa sababu mama yake alilima hapa. Watoto wetu wanayo haki kwa sababu ya Bibi. Babu hana. Yeye ni mkwe: anaheshimiwa, analishwa, anapewa kiti barazani, lakini ni mgeni. Rafiki zetu wa mjini hushangaa. "Mmejenga bila hati? Mzee, umeweka mafao yako juu ya kiwanja cha wakweo?" Kwao Usangi mambo ni kinyume kabisa: huko ardhi na ukoo ni vya baba, na mwanamume hurudishwa kuzikwa kwao.

Kwa miaka minane jambo hili lilikuwa la kutaniana tu. Mwaka 2021 liliacha kuwa utani. Babu alishikwa na nimonia, akalazwa mjini kwa wiki mbili, na kwa siku nne za kwanza madaktari hawakutuahidi kitu. Kaka zake walikuja kutoka Usangi. Ni watu wema na walikuja kwa upendo. Lakini jioni ya pili, nje ya wodi, walianza kuulizana kwa sauti ya chini juu ya gari na gharama za kuelekea Upare. Bibi, aliyefanya kazi wodini maisha yake yote, alijua mazungumzo hayo yana maana gani.

Mungu alimwinua Babu. Tuliporudi nyumbani, tukiwa barazani, Bibi alisema, "Wakikupeleka Usangi, mimi nitakuja kukusalimia kwa basi gani?" Alisema kama mzaha, kisha akalia. Tumeoana mwaka 1978. Hatukuwa tumewahi kuzungumza juu ya makaburi yetu, kama ambavyo wengi wenu hamjazungumza.

Usiku ule tulisoma Mwanzo sura ya 23. Mungu alikuwa amemwahidi Ibrahimu nchi yote ya Kanaani. Lakini Sara alipofariki, Ibrahimu alisimama mbele ya Wahiti, akajitambulisha kuwa ni mgeni kwao, akaomba mahali pa kumzika mkewe. Alilipa shekeli 400 za fedha kwa shamba lenye pango, na katika nchi ile yote aliyoahidiwa, hilo ndilo shamba alilolimiliki hadi alipokufa. Tulimwelewa Ibrahimu usiku ule kuliko miaka yote tuliyomsikia shule ya Jumapili.

Tukaamua kumwomba mjomba. Ombi kama hilo haliendi mkono mtupu wala halisemwi na mwenye haja. Tulimtafuta mshenga, kana kwamba Babu anaoa upya, akapeleka sukari, jogoo na maneno. Mjomba akasema amesikia, ukoo utakaa. Wiki tatu zikapita. Katika wiki hizo tulijifunza maana ya kuwa mgeni kweli kweli: kuamka, kunywa chai, kulima bustani, huku tukijua kwamba jibu liko mikononi mwa wengine na hatuna cha kudai. Jambo la ajabu ni kwamba chai haikupoteza ladha. Ukungu ulipopanda asubuhi, tuliutazama zaidi ya zamani. Mtu anayejua kwamba amekaribishwa huangalia kila kitu, na hushukuru hata kwa kile ambacho mwenye nyumba amekizoea mpaka hakioni.

Hapo ndipo tulipoelewa Walawi sura ya 25. Bwana aliwakataza Waisraeli kuuza ardhi moja kwa moja, kwa sababu mwenyewe ni yeye, nao kwake ni wageni na wakaaji tu. Tulikuwa tumeisoma kama sheria ya zamani. Sasa tuliona kwamba inamhusu pia mjomba, na kaka zake Babu wa Usangi, na rafiki yetu wa mjini mwenye hati nne kabatini. Tofauti kati ya Babu na hao wengine ni kwamba yeye anaambiwa kila siku, na wao wanasahau. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mungu naye hutukaribisha hivyo. Hatupi hati ya dunia hii. Hutupa jembe, chai ya asubuhi, na wenzetu wa kukaa nao barazani.

Jibu la mjomba lilipokuja halikutaja kaburi. Alimwita Babu mbele ya wazee, akasema, "Mkwe, masika haya panda mikarafuu." Akanyoosha fimbo kuonyesha mahali: kipande kilicho juu kidogo ya alipolala mama yake Bibi.

Mgeni asingeelewa, lakini Bibi alielewa kabla ya sentensi kwisha. Mjomba alitueleza baadaye kwamba zamani mtu aliyeazimwa ardhi na ukoo aliruhusiwa kupanda mahindi, maharage, mihogo, vitu vya msimu. Miti hakuruhusiwa, kwa sababu mti unakaa, na mwenye mti ana neno juu ya mahali ulipo. Kumwambia mkwe apande mikarafuu pale ni kumwambia: kaa, na ukilala, lala hapa.

Masika ya 2022 tulipanda miche 20, tukaitilia kivuli cha migomba. Miwili ilikauka, kumi na minane ipo. Mkarafuu hutaka miaka sita au saba kabla ya kutoa chochote cha kuuza, na Babu sasa ana miaka 72. Hatupigi hesabu ya mavuno. Tunapalilia, tunaangalia majani mapya yenye rangi nyekundu, na siku yenye jua la saa nne hakuna mahali pazuri pa kukaa kuliko pale.

Si kila kitu kimekwisha. Kaka mkubwa wa Babu hajaridhika, na tunamheshimu, kwa sababu naye anampenda ndugu yake. Tumekwenda Usangi mara mbili kuzungumza naye, na tutakwenda tena. Tumeandika wosia na nakala moja iko kwa mchungaji. Tunawaomba wapendwa mfanye hivyo mkiwa na afya, mkiwa mmekaa, mkiwa na chai mkononi. Msiwaachie watoto wenu wazungumze jambo hilo kwa sauti ya chini nje ya wodi.

Na ninyi mnaojiandaa kustaafu, jengeni vyumba, nunueni bodaboda mkiweza. Lakini jizoezeni pia kutaja fadhili za siku moja kwa majina yake, kwa sababu siku moja ndiyo atakayowapa Bwana kila asubuhi, na hakuna hata mmoja wetu mwenye hati ya siku ya kesho. Sisi masika yakianza tuna miche kumi mingine kwenye viriba, na mjomba ameshatuma mtu kuuliza tunasubiri nini. Bwana awajalie na ninyi mahali pa kupanda.